Mchezaji wa Chuo Amepewa Bei, Bado Hajapewa Haki

Tarehe 6 Juni, 2025, Jaji Claudia Wilken wa mahakama ya shirikisho huko California, Marekani, aliidhinisha mapatano yaliyofunga ukurasa mrefu katika historia ya michezo ya nchi hiyo. Kwa mapatano hayo, yanayojulikana kwa jina la mdai wa kwanza, muogeleaji Grant House, Chama cha Taifa cha Michezo ya Vyuo, NCAA, kilikubali pamoja na ligi kubwa za vyuo kuwalipa wanamichezo waliocheza tangu mwaka 2016 fidia ya karibu dola bilioni 2.8 kwa muda wa miaka kumi. Aidha, kuanzia Julai 1, 2025, kila chuo kilichojiunga na mpango huo kiliruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake mapato yasiyozidi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Katika vyuo vingi vikubwa sehemu kubwa ya fungu hilo imekwenda kwa wachezaji wa mpira wa Kimarekani.

Tangu hapo kelele hazijakoma. Wako wanaolia kwamba fedha zimeingia na kuuharibu mchezo wa vijana wa shule. Wako wanaoshangilia kwamba hatimaye mnyonge amepata haki yake. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili hazijaufikia mzizi wa jambo. Fedha hazikuingia jana katika mchezo huo. Zimekuwamo kwa miaka mingi, ila zilikuwa zikipita juu ya vichwa vya wachezaji. Na huyo mnyonge hajapata haki yake. Alichopata ni bei. Kati ya bei na haki pana umbali mkubwa, na humo ndimo ilimozaliwa vurugu yote inayoonekana leo katika usajili na mashindano ya vyuo vya Marekani.

UTAJIRI WA NANI?

Mpira tunaouzungumzia si huu wa miguu unaochezwa dunia nzima. Ni ule wa Kimarekani, ambao mchezaji huvaa kofia ngumu na kinga za mabega, akaukumbatia mpira wenye umbo la yai na kujitupa mwili mzima dhidi ya mwenzake. Huko Marekani chuo kikuu ndicho kiwanda kinachotengeneza wachezaji wa ligi ya kulipwa, NFL. Kanuni za ligi hiyo haziruhusu kijana kuingia kabla haijapita miaka mitatu tangu amalize sekondari. Kwa hiyo kijana mwenye kipaji hana njia nyingine ya maana. Sharti apitie chuoni.

Na kupitia huko kuna faida kubwa, lakini tuulize: faida ya nani? Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan hukalisha watu zaidi ya 107,000. Mwaka 2022 ligi ya vyuo ya Big Ten ilitia sahihi mikataba ya televisheni iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 7 kwa miaka saba. Mwaka 2024 kampuni ya ESPN ilikubali kulipa dola bilioni 7.8 kwa miaka sita ili ionyeshe mchujo wa ubingwa wa taifa. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kupita wote si gavana wala mganga mkuu wa hospitali. Ni kocha wa timu ya chuo. Chuo Kikuu cha Texas A&M kilipomwachisha kazi kocha Jimbo Fisher Novemba 2023, mkataba wake ulikilazimisha kumlipa zaidi ya dola milioni 75 aende zake. Alilipwa ili asifanye kazi, katika mwaka ule ule ambao chuo kilikuwa bado kimekatazwa kumlipa mshahara kijana aliyekuwa akiifanya.

NENO LILILOJENGA UKUTA

Hali hiyo haikujengwa na bahati. Ilijengwa na neno. Mwaka 1955 kijana Ray Dennison, mchezaji wa chuo cha Fort Lewis A&M huko Colorado, alifariki dunia kwa jeraha la kichwa alilolipata uwanjani. Mjane wake alidai fidia inayotolewa kwa jamaa za mfanyakazi anayefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ilimnyima, kwa hoja kwamba chuo hakikuwa katika biashara ya mpira, na kwamba marehemu hakuwa mfanyakazi wake.

Katika miaka hiyo hiyo viongozi wa NCAA, chini ya mkurugenzi mtendaji wao Walter Byers, walilitunga na kulisambaza neno jipya la kumwita mchezaji: "mwanafunzi-mwanamichezo". Byers mwenyewe, baada ya kustaafu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba neno hilo lilitungwa kwa sababu ya hofu kwamba wachezaji wangetambuliwa kisheria kuwa waajiriwa. Ukimwita mtu mwanafunzi, unaweza kumpangia saa za kuamka, saa za mazoezi, chakula cha kula na mji wa kusafiri, kisha akivunjika shingo ukamwambia kwamba alikuwa akijifurahisha tu. Kent Waldrep wa chuo cha TCU alipooza mwili mwaka 1974 katika mchezo dhidi ya Alabama. Alipigania fidia ya mfanyakazi kwa miaka mingi, na mwaka 2000 mahakama ya Texas ikaamua kwamba hakuwa mfanyakazi. Punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Wahenga walisema, penye udhia penyeza rupia. Kwa kuwa malipo halali yalikatazwa, malipo ya gizani yalishamiri. Matajiri wapenzi wa timu waliwapa wachezaji bahasha, magari na kazi za uongo. Mwaka 1987 NCAA ililifungia Southern Methodist msimu mzima kwa kosa hilo, na chuo hicho hakikucheza hata mwaka uliofuata. Reggie Bush wa chuo cha USC, aliyepata tuzo ya Heisman ya mchezaji bora mwaka 2005, aliirudisha mwaka 2010 kwa sababu familia yake ilipokea manufaa yaliyokatazwa. Tuzo hiyo alirudishiwa Aprili 2024, baada ya kosa lake kuwa desturi halali ya kila siku. Hebu msomaji apime mwenyewe: sheria ambayo inaweza kumvua mtu heshima yake kwa miaka kumi na minne, kisha ikamrudishia bila yeye kubadilika hata kidogo, ilikuwa ikilinda kitu gani?

UKUTA ULIVYOANGUKA

Ukuta ulianza kubomoka mahakamani, tofali moja moja. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba NCAA haiwezi kuhodhi haki za televisheni. Vyuo vikashangilia uhuru wa kuuza, lakini havikufikiri kwamba hoja ile ile ingetumiwa siku moja na wachezaji. Mwaka 2009 Ed O'Bannon, aliyewahi kuchezea timu ya mpira wa kikapu ya UCLA, alifungua kesi baada ya kuona sura yake ikiuzwa katika mchezo wa kompyuta bila yeye kupata hata senti. Alishinda mwaka 2014. Mwaka 2019 jimbo la California lilipitisha sheria ya kumruhusu mchezaji wa chuo kufanya biashara kwa jina na sura yake. Juni 21, 2021, katika kesi ya Alston, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba NCAA haiko juu ya sheria za kuzuia ukiritimba. Siku kumi baadaye, Julai 1, NCAA ikafungua mlango wa biashara ya majina.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mlango huo haukufunguliwa kwa mpango bali kwa kushindwa. Wakubwa wa michezo ya vyuo walikuwa na miaka mingi ya kukaa na wachezaji na kupatana nao. Hawakutaka. Waliposhindwa mahakamani waliinua mikono, wakaacha soko lijitawale. Matajiri waliokuwa wakitoa bahasha usiku walijikusanya katika mifuko ya wafadhili, wakaanza kutoa hundi mchana. Jina la biashara lilikuwa matangazo. Kwa hakika ilikuwa mishahara iliyopita mlango wa nyuma.

USAJILI WA LEO

Zamani usajili ulikuwa na adabu zake, za kweli na za unafiki. Kocha alisafiri hadi nyumbani kwa kijana wa sekondari, akakaa sebuleni, akasifu chakula cha mama, akaahidi kumlea mwanawe kama wa kwake. Kijana akitia sahihi, alikuwa amefungwa. Akihama chuo, sharti akae mwaka mzima bila kucheza. Kocha, kwa upande wake, aliweza kuondoka kesho yake.

Mambo mawili yaliondoa hali hiyo. La kwanza ni fedha. La pili ni uhuru wa kuhama. Oktoba 2018 NCAA ilianzisha daftari la uhamisho, ambamo mchezaji anayetaka kuondoka huandikishwa jina lake, na chuo chochote kikaweza kumwendea. Mwaka 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu. Aprili 2024, kwa msukumo wa mahakama, kikomo hicho nacho kiliondolewa. Weka mambo hayo mawili pamoja, na matokeo yake ni kwamba kila mwisho wa msimu maelfu ya wachezaji huingia sokoni, na kocha hana budi kuwasajili upya hata wale alio nao.

Nani amepata na nani amepoteza katika usajili huu mpya? Aliyepata zaidi ni mchezaji aliyekwisha kuonyesha uwezo wake uwanjani, hasa yule anayeitwa kwotabeki, ambaye huongoza mashambulizi na kurusha mpira. Kocha ambaye kazi yake inategemea ushindi wa msimu huu hupenda kumnunua kijana wa miaka ishirini na miwili aliyekomaa kuliko kumngoja wa miaka kumi na minane akue. Kwa hiyo nafasi za vijana wa sekondari zimepungua, na anayeumia zaidi si yule nyota ambaye kila mtu anamjua, bali yule wa katikati, mtoto wa mji mdogo ambaye zamani angechukuliwa, akakaa benchi miaka miwili, akajifunza, akawa mchezaji. Tena mapatano ya mwaka 2025 yameweka kikomo cha wachezaji 105 kwa timu ya mpira. Wengi waliokuwa wakijitolea kufanya mazoezi na timu kubwa bila ufadhili walijikuta hawana nafasi, ingawa jaji alivitaka vyuo viweze kuwaacha waliokwishakuwamo wakamilishe muda wao.

Tena wamekuja mawakala. Katika ligi ya kulipwa, wakala wa mchezaji huthibitishwa na chama cha wachezaji na asilimia yake ina kikomo. Katika vyuo, mlango uliachwa wazi kwa kila mwenye ulimi mtamu. Kijana Jaden Rashada alifungua kesi Mei 2024 akidai kwamba alivutwa kwenda Chuo Kikuu cha Florida kwa ahadi ya dola milioni 13.85 ambazo hazikutolewa. Septemba mwaka huo huo Matthew Sluka, kwotabeki wa UNLV, aliiacha timu yake ikiwa haijafungwa hata mara moja, upande wake ukisema kwamba ahadi ya malipo haikutimizwa. Chuo kilikana kwamba ahadi rasmi ilikuwapo. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa hudaiwa na nani? Hayo ndiyo matunda ya kumpa mtu bei bila kumpa mkataba wa kazi ulio wazi.

MASHINDANO: WALICHOTABIRI NA KILICHOTOKEA

Waliopinga malipo walitabiri kwamba matajiri watanunua kila mchezaji mzuri na ushindani utakufa. Nick Saban, kocha aliyeipatia Alabama mataji sita, alilalamika hadharani Mei 2022 kwamba Texas A&M walikuwa wamewanunua wachezaji wao wote. Tuuangalie utabiri huo kwa mifano ya kweli.

Kabla ya mambo haya kukolea, je, ushindani ulikuwapo? Katika misimu minane, kuanzia 2015 hadi 2022, Alabama, Clemson na Georgia walichukua mataji saba ya taifa. Moja tu lilikwenda LSU. Vyuo vyote vinne vya kusini. Hayo ndiyo "mashindano ya haki" ya zama za kutolipa. Sababu yake si siri. Mchezaji asipolipwa fedha, hulipwa kwa fahari: majengo, jina la kocha, matumaini ya kwenda NFL. Na fahari hujilimbikiza. Chuo kikubwa kiliweza kuwaweka benchi vijana ambao wangekuwa nahodha kwingineko, kwa sababu kuhama kulikuwa adhabu.

Leo yule wa benchi haketi tena. Anahamia anakopata ujira na dakika za kucheza. Oktoba 5, 2024, Vanderbilt, chuo kilichozoea mkia wa ligi yake, kiliifunga Alabama 40 kwa 35 wakati Alabama ikiwa ya kwanza nchini, kikiongozwa na Diego Pavia, mchezaji aliyehamia hapo kutoka New Mexico State. Mfano mkubwa zaidi ni Indiana, chuo kilichokuwa miongoni mwa vile vilivyopoteza michezo mingi kupita vyote katika historia. Mwaka 2023 kilishinda michezo mitatu na kupoteza tisa. Kilimleta kocha Curt Cignetti kutoka James Madison, naye akaja na wachezaji wake zaidi ya kumi. Mwaka 2024 kilishinda kumi na moja. Msimu wa 2025 kilicheza michezo kumi na sita bila kufungwa, na Januari 19, 2026, kikaifunga Miami 27 kwa 21 na kutwaa ubingwa wa taifa. Kwotabeki wake, Fernando Mendoza, aliyepata tuzo ya Heisman, alikuwa amehamia kutoka California. Alipokuwa sekondari hakuwa miongoni mwa waliogombewa na vyuo vikubwa.

Kwa hiyo utabiri ule ulianguka. Mataji ya misimu ya 2023, 2024 na 2025 yalikwenda Michigan, Ohio State na Indiana, vyuo vitatu tofauti vya kaskazini. Lakini tusikimbilie kushangilia, maana vyote vitatu ni vya ligi moja, Big Ten, na ligi hiyo ni mojawapo ya mbili zinazokula sehemu kubwa kabisa ya fedha za televisheni. Ushindani umeongezeka ndani ya ua la matajiri, na ua lenyewe limeongezwa urefu.

Waliobaki nje wamegeuka vitalu vya miche. Wanapanda, wanamwagilia, na mche ukishika huja mwenye shamba kubwa akaung'oa. James Madison walimpoteza Cignetti na wachezaji wake, wakajijenga upya, wakaingia mchujo wa ubingwa wa msimu wa 2025 pamoja na Tulane. Vyuo hivyo viwili tu ndivyo vilivyotoka nje ya ligi kubwa. Vyote vilitolewa raundi ya kwanza, na kabla hata mchujo haujaanza makocha wao walikuwa wamekwisha chukuliwa, mmoja na UCLA na mwingine na Florida. Washirikishe watakavyo katika mchujo, chuo ambacho kila mwaka huporwa kocha na wachezaji bila fidia ya malezi hakishindani, kinatumikia.

HOJA YA UAMINIFU

Wanaolalamika wana hoja moja ambayo inastahili kujibiwa kwa heshima: kwamba kijana anayehama vyuo vitatu katika miaka minne hawezi kusoma vizuri, wala hajifunzi kustahimili. Hoja hiyo ina uzito. Shahada haijengwi kwa vipande vya hapa na pale, na walio wengi kati ya wachezaji hawa hawatacheza NFL hata siku moja. Shahada ndiyo pensheni yao.

Lakini uaminifu haudaiwi upande mmoja. Novemba 30, 2025, Lane Kiffin aliiacha Ole Miss, timu aliyoifikisha kwenye mchujo wa ubingwa kwa mara ya kwanza, akaenda LSU kabla mchujo wenyewe haujachezwa. Vyuo kumi viliiacha ligi ya Pac-12, iliyodumu zaidi ya miaka mia moja, vikafuata fedha za televisheni. Na sasa wanafunzi wa Los Angeles hupanda ndege kwenda kucheza New Jersey. Hakuna aliyewaambia makocha hao na marais hao wa vyuo kwamba wameua moyo wa mchezo kwa tamaa. Neno "tamaa" huanza kutumika pale anayeongeza kipato chake anapokuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mara nyingi mweusi, mara nyingi mtoto wa masikini.

WANAOSAHAULIWA

Zaidi ya hao wapo wengine ambao mjadala huu huwaruka. Fungu la dola milioni 20.5 halikushuka kutoka mbinguni. Limekatwa katika bajeti za michezo. Penye kukatwa, haukatwi mpira wenye watazamaji laki moja. Hukatwa michezo isiyoingiza fedha: kuogelea, tenisi, riadha.

Jambo hilo linatuhusu na sisi wa Afrika Mashariki. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Mlango uliowapitisha ni ufadhili wa riadha vyuoni. Washington State hiyo ndiyo mojawapo ya vyuo viwili vilivyoachwa pekee Pac-12 ilipovunjika, na mwaka 2025 ilitangaza kuondoa mashindano ya kurusha na kuruka katika timu yake ya riadha, ikabakiza hasa mbio ndefu. Safari hii mkimbiaji ameponea chupuchupu. Isitoshe, mwanafunzi wa kigeni aliye Marekani kwa viza ya masomo amebanwa na masharti ya kutofanya kazi za malipo, hivyo huweza kuvaa jezi ile ile na kutoka jasho lile lile, akashindwa kupokea kile anachopokea mwenzake wa kitanda cha jirani.

NJIA ILIYO WAZI

Sasa wakubwa wa michezo ya vyuo wanaliomba Bunge la Marekani liwapatie kinga ya kisheria ili waweze kuweka vikomo bila kushitakiwa, na wakati huo huo litamke kwamba wachezaji si waajiriwa. Hapo ndipo mtu anapogundua kwamba hawajajifunza kitu. Wanataka kulijenga upya neno la Walter Byers.

Njia iliyo wazi iko mbele ya macho yao. NFL ina kikomo cha mishahara tangu mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwagawa wachezaji wapya na masharti ya kuhama, na hakuna mahakama inayouvunja utaratibu huo. Kwa nini? Kwa sababu umekubaliwa na chama cha wachezaji katika meza ya mapatano, na sheria ya Marekani inayalinda makubaliano ya namna hiyo. Kikomo kilekile kikiwekwa na waajiri peke yao ni ukiritimba. Kikipatanwa na wafanyakazi ni mkataba. Wachezaji wa Northwestern walijaribu kuunda chama mwaka 2014, na Bodi ya Taifa ya Uhusiano wa Kazi ikakataa kulishughulikia shauri lao mwaka 2015. Wachezaji wa kikapu wa Dartmouth walipiga kura ya kuunda chama Machi 2024, wakaliondoa ombi lao mwisho wa mwaka huo walipoona upepo wa kisiasa umegeuka. Lakini Julai 2024, katika kesi ya Johnson, mahakama ya rufani ya Philadelphia ilikubali kwamba mchezaji wa chuo anaweza kuhesabiwa mwajiriwa. Mlango haujafungwa.

Chama cha wachezaji kingeleta nini? Kwanza, mkataba wa miaka miwili au mitatu, ambao ungemtuliza mchezaji darasani na kumtuliza kocha usiku. Pili, mawakala waliothibitishwa. Tatu, fidia ya malezi kwa chuo kidogo kinachopokonywa. Nne, na hili ndilo kubwa kupita yote, ulinzi wa aliyeumia. Ni kweli kwamba tangu Agosti 2024 vyuo vya Daraja la Kwanza vinatakiwa kugharimia matibabu ya majeraha ya mchezo kwa angalau miaka miwili baada ya mchezaji kuondoka. Lakini goti lililosagika na ubongo uliotikiswa mara mia havihesabu miaka miwili. Madhara yake huja mtu akiwa na umri wa miaka arobaini, wakati uwanja umekwisha jaa watu wengine na jina lake halikumbukwi.

Mjane wa Ray Dennison hakuomba mgao wa televisheni. Aliomba kile ambacho mjane wa mchimba madini wa Colorado angepewa bila kubishaniwa. Miaka sabini imepita, mabilioni yametajwa mahakamani, na kwotabeki mashuhuri leo anaweza kuwa milionea kabla ya kupata shahada. Lakini mjane mwingine akisimama leo na kuuliza swali lile lile, vyuo vingali vikimjibu kwamba mumewe hakuwa mfanyakazi. Mpaka jibu hilo litakapobadilika, hundi hizi zote, hata ziwe nene namna gani, zitabaki kuwa bakshishi ya tajiri, naye atakuwa na uwezo wa kuitoa na kuizuia apendavyo.